Moyo umepona, kovu halinipi usingizi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga. Nina miaka 31, nimeolewa na nina mtoto mmoja wa miaka 7. Miaka miwili na nusu iliyopita nilifanyiwa upasuaji wa moyo Dar es Salaam. Utotoni nilikuwa mtu wa mafindofindo kila msimu wa baridi, halafu magoti yakawa yanavimba kwa zamu, leo hili, kesho lile. Nyumbani wakasema ni baridi ya huku kwetu tu. Kumbe vali ya moyo ilikuwa inaharibika polepole. Mpaka nafika kwa madaktari nilikuwa silali bila mito mitatu, na kilima cha kwenda kanisani nakipanda kwa kupumzika mara nne. Wakanifungua kifua, wakaniwekea vali ya chuma. Leo kilima nakipanda naongea. Nameza wafarini kila jioni, napima damu ninavyoelekezwa, na usiku nyumba ikitulia mwanangu huisikia ile vali inavyogonga, ananiuliza kama nilimeza saa.

Kwa hiyo si moyo unaonileta kwako. Ni kovu.

Kidonda kilifunga vizuri kabisa, hata manesi walisifia. Kama miezi minne hivi baadaye mstari ukaanza kunyanyuka. Sasa umekuwa kama kamba nene, mweusi wenye uzambarau, unang'aa. Hapa katikati ya maziwa umetambaa nje ya pale daktari alipokata, upana wa vidole viwili, na bado unaendelea. Linawasha, Shangazi! Mchana nikiwa na kazi nasahau, lakini nikishaingia kitandani na mwili ukapata joto, linaanza. Saa nyingine si kuwasha, ni kuchoma kama pini iliyosahauliwa kwenye nguo. Sweta la sufu silivai tena, na wewe unaijua Juni ya Mafinga. Tepe ya kupimia ikining'inia shingoni inalisugua kutwa nzima. Na chini kabisa ya kovu nikigusa nahisi kitu kigumu, kama ncha.

Nilithubutu kulisema mara moja, kwenye kituo kimoja ninakopimia. Nikajibiwa, "Dada, umeokolewa maisha, unalia na urembo?" Watu kwenye foleni wakacheka. Tangu siku hiyo sijalitaja tena kwa mtu wa afya.

Mume wangu hana neno baya. Ila akinikumbatia ninajikunja kabla hajanifikia, na naona anavyoanza kuogopa kunigusa. Hilo linaniuma kuliko kovu lenyewe.

Nilinunua krimu mnadani, kopo halina lebo, yule muuzaji aliapa kwamba linafuta makovu yote. Ngozi ya pembeni imekuwa nyeupe, kovu liko palepale. Wifi yangu anamjua mzee mmoja anayechanja kwa wembe juu ya kovu na kupaka dawa, eti linanywea. Mteja wangu mmoja yeye anasema nikate tu, mdogo wake alikatwa la sikioni na likaisha. Jirani ananitisha kwamba hiyo ni kansa. Na Desemba mdogo wangu anaolewa, gauni langu nilishalikata, lina kifua wazi kwa sababu nilijiambia mpaka wakati huo litakuwa limeondoka.

Je, nikate? Nichanje? Au nimshukuru Mungu ninyamaze kama nilivyoambiwa?

Fundi, Mafinga

*

Marahaba mwanangu, na kamwene.

Nianze na huyo aliyefanya foleni ikucheke. Alikosea. Kovu linalomwamsha mtu usiku, linalouma likiguswa na linaloendelea kukua lina jina lake na tiba yake hospitalini, na halina uhusiano wowote na urembo. Hata lingekuwa la urembo tu, bado ungekuwa na haki ya kuuliza. Nimekaa wodi za upasuaji miaka mingi kabla sijastaafu, na nimeona wagonjwa wa moyo wanavyoficha mambo kwa kuogopa kuonekana hawana shukrani. Mtu amefunguliwa kifua, amerudi nyumbani anatembea, basi anajiona hana ruhusa ya kulalamika tena hadi siku anazikwa. Mungu umshukuru, na kovu ulipeleke kwa daktari. Vyote viwili vinawezekana wiki hiyohiyo.

Ulilonalo, kwa maelezo yako, ni keloidi. Nasema kwa maelezo yako kwa sababu sijaliona, lakini umelieleza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha. Kuna kovu nene la kawaida, ambalo huvimba ila hubaki ndani ya mstari wa kidonda, na mara nyingi hulegea lenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Keloidi huvuka mpaka. Huanza miezi kadhaa baada ya kidonda kufunga, hutambaa kwenye ngozi ambayo haikuguswa na kisu, na haina tabia ya kurudi nyuma yenyewe. Ngozi ikikatwa, mwili hutengeneza nyuzi za kolajeni kuziba pengo. Kwenye keloidi ni kama fundi aliyeambiwa aweke kiraka, akashona, akashona, hakuna wa kumwambia basi, kiraka kikawa kikubwa kuliko tundu. Kansa siyo, mwambie jirani yako. Wala si kwamba ulikosea masharti au daktari alishona vibaya. Sisi watu weusi tunazipata zaidi, huwa zinatembea kwenye ukoo, na kifua ndipo mahali pake hasa, kwa sababu ngozi ya pale haipumziki: unapumua inavutwa, unanyoosha mkono inavutwa, maziwa nayo yanaivuta chini. Na wewe umeinama kwenye cherehani kutwa.

Sasa maswali yako, na nitaanza na wembe kwa sababu ndio unaonitisha.

Usichanje. Kwa mtu yeyote mwenye keloidi, kila chale ni kidonda kipya na kila kidonda kipya ni mbegu ya keloidi nyingine. Lakini kwako wewe jambo ni kubwa zaidi. Unatumia wafarini, dawa inayozuia damu isigande, kwa hiyo chale ndogo tu inaweza kutoka damu kwa muda mrefu. Halafu una vali ya chuma. Vijidudu vikipita kwenye ngozi vikaingia kwenye damu, mahali pa kwanza vinapopenda kujenga nyumba ni kwenye vali bandia. Maambukizi hayo ni ya kulazwa, wiki nyingi za dawa za kuchomwa mshipani, na wengine huishia kufunguliwa kifua mara ya pili. Mzee wa wifi yako hajui kama una chuma ndani, na hata akiambiwa, wembe wake hautabadilika. Kwa sababu hiyohiyo, usijikune kwa kucha mpaka ukatoa damu. Kata kucha fupi.

Kuhusu kukata kwa daktari. Mteja wako hadanganyi, la sikio mara nyingi hukatwa likaisha, kwa sababu sikio halivutwi na linaweza kubanwa kwa hereni maalumu. Kifua si sikio. Keloidi ikikatwa tu bila tiba nyingine ya kuifuata, hurudi kwa kiwango kinachotajwa kuwa kati ya asilimia 45 na 100, na mara nyingi inarudi kubwa kuliko ile ya kwanza. Wanaokata kwa mafanikio huunganisha na sindano, au na mionzi inayoanza ndani ya siku chache baada ya kukata. Mionzi ipo nchini, hospitali ya saratani ya Ocean Road kule Dar es Salaam ndipo panapojulikana zaidi, lakini kwa mwanamke wa miaka 31, juu ya maziwa na moyo, madaktari hufikiri mara mbili kabla ya kuipendekeza, nami ningefikiri mara tatu. Isitoshe, upasuaji wowote unaleta suala la wafarini. Nisikilize vizuri hapa: asitokee mtu wa kukuambia "acha dawa siku tano tukukate" bila kuzungumza na madaktari wako wa moyo. Ukiiacha kiholela, damu inaweza kuganda kwenye vali na lile donge likaruka hadi kwenye ubongo. Kiharusi kwa ajili ya kovu, hapana.

Basi kipi kinafaa? Tiba inayoanza karibu kila mahali ni sindano za steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, zinazodungwa ndani ya kovu lenyewe, si kwenye paja wala bega. Hudungwa kila baada ya wiki 4 hadi 6, mara kadhaa. Sitakudanganya, zinauma, maana kovu ni gumu na dawa inalazimishwa kuingia. Huchanganywa na ganzi, na ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kovu likishaanza kulainika sindano nazo zinakuwa nyepesi. Kinachotangulia kupungua mara nyingi ni kuwasha na kuchoma, ndipo unene unafuata taratibu. Kovu kuisha kabisa ukarudi ngozi uliyozaliwa nayo, hilo sikuahidi, na anayekuahidi anataka hela yako. Ngozi inaweza kupauka au kuwa nyembamba pale sindano inapopita, na wanawake wengine hedhi huyumba kidogo. Kwa mtu wa wafarini, mara nyingi sindano hizi hufanyika bila kuacha dawa, ila wapime kwanza INR yako, kile kipimo cha damu inavyoganda, wahakikishe haijapanda, na wakandamize vizuri baada ya kudunga. Wapo pia wanaogandisha kovu kwa baridi kali ya naitrojeni au kuchanganya sindano na dawa nyingine. Hayo mwachie daktari wa ngozi.

Huyo daktari utampataje ukiwa Mafinga? Nenda na daftari lako la kliniki ya moyo uombe rufaa ya ngozi, Iringa au Mbeya, popote watakapokuambia kuna huduma. Usiwe na dhana kwamba lazima awe bingwa mwenye ofisi kubwa. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kuna chuo cha magonjwa ya ngozi ambacho kwa miaka mingi kimefundisha maofisa tabibu, nao wametawanyika mikoani. Wengi wao keloidi wanazijua kama wewe unavyojua mikunjo ya sketi. Na ukifika usiseme "nina kovu baya," maana hapo ndipo wanapocheka. Sema hivi: linaniamsha usiku kwa kuwasha, linauma likiguswa, limevuka mstari wa kidonda na bado linakua, nina vali ya chuma na natumia wafarini. Ukimaliza hivyo, aliyekuwa anaandika bila kukutazama atainua kichwa.

Hiyo ncha ya chini nayo waoneshe. Wakati wa kufunga kifua, mfupa wa kidari uliopasuliwa katikati hufungwa kwa nyaya za chuma, na zinabaki humo maisha yote. Kwa watu wembamba au ngozi ikiwa nyembamba, kichwa cha waya huweza kugusika chini ya ngozi na kuuma. Picha ya eksirei itaonyesha. Mara nyingi hakuna la kufanya zaidi ya kujua ni nini, na waya ukisumbua sana huweza kutolewa, kwa uamuzi wa waliokupasua. Lakini pakitoka usaha, pakiwa na harufu, ukipata homa isiyo na sababu, ukisikia mfupa unacheza au kugonga unapokohoa, au kovu likachimbika kidonda kisichopona, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo maumivu ya kubana kifua au kukosa pumzi: usiyasingizie kovu.

Ile krimu ya mnadani itupe. Kopo lisilo na lebo linalogeuza ngozi kuwa nyeupe mara nyingi lina steroidi kali au dawa ya kujichubua ndani yake, na juu ya keloidi nene haizami, inakula ngozi nzima ya pembeni tu. Mwambie daktari kwamba uliitumia na kwa muda gani. Usione aibu, tumeshaona makubwa.

Dukani unaweza kuuliza karatasi au jeli ya silikoni. Huvaliwa juu ya kovu kwa muda wa saa 12 au zaidi kila siku, kwa miezi, na hufanya kazi vizuri zaidi kovu likiwa changa. Kwa lako la miaka miwili itasaidia kupunguza kuwasha na kulilainisha, si zaidi. Ukiwa na hela ya kimoja tu, weka kwenye nauli ya sindano.

Usiku ndio wenye kazi. Oga maji ya vuguvugu, si yale yanayotoa moshi tunayoyapenda huku kwenye baridi, maana ngozi ikikauka inawasha maradufu. Ukijifuta, paka mafuta mazito ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu. Fulana ya pamba ya kubana kiasi iwe ya kwanza mwilini, hata kitandani, na sweta lolote lije juu yake. Likianza kuwasha, kandamiza kwa kiganja au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi badala ya kukuna. Muulize mfamasia vidonge vya kutuliza mwasho kama setirizini, ukimwambia kwanza kwamba unatumia wafarini. Hilo liwe wimbo wako duka lolote la dawa, kwa sababu huku kwetu ukisema tu "kifua kinauma" unapewa diklofenaki kabla hujamaliza sentensi, na diklofenaki pamoja na wafarini ni njia fupi ya kutapika damu. Parasetamoli kwa kiasi inatosha. Dawa za kienyeji za kunywa nazo ziache, hata zile za heshima. Na ulanzi, pombe yetu ya mianzi… wewe mwenyewe unajua.

Sidiria iwe ya pamba, mikanda mipana, inayobeba maziwa sawasawa ili ngozi ya kati isivutwe. Ile yenye waya mpe mwingine. Kwenye basi pitisha kitenge kilichokunjwa kati ya mkanda na kifua, ila mkanda ufunge.

Sasa mume wako. Hajui. Anaona unajikunja, anadhani anakuumiza au humtaki, naye anarudi nyuma, nawe unaona amerudi nyuma unadhani ni kovu linamtisha. Kaa naye umwambie kwa maneno: hapa panauma, hapa panawasha, hapa hapana shida, nishike hivi, akumbatie kutokea mgongoni ikibidi. Mpe na kazi ya kupaka yale mafuta mgando usiku, kwa kidole, polepole. Mwanamume akipewa kazi ya kufanya huacha kuogopa. Mtoto akiuliza saa, mwambie ndiyo, ni saa, na inafanya kazi vizuri.

Hukuniuliza, lakini mna mtoto mmoja na mnaweza kutaka wa pili. Msishike mimba kwa bahati. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, kwa hiyo madaktari wa moyo wanatakiwa kujua kabla hujabeba, wapange dawa. Keloidi nazo hupenda kukua wakati wa ujauzito. Na siku yoyote utakayopasuliwa tena, kwa uzazi au kwa lolote, sema mapema una keloidi, ili kinga ianze kidonda kikifunga tu. Huyo wa miaka 7 ukimwona na mafindofindo yenye homa usimpe maji ya chumvi ukangoja. Mpeleke akapimwe na kupewa dawa mpaka dozi iishe. Ulikotoka unakujua. Na kumtoboa masikio, kama bado, kusubiri, maana keloidi hutembea kwenye ukoo.

Desemba. Kovu halitakuwa limeondoka, hilo tukubaliane. Ukianza sindano sasa, kuwasha kunaweza kuwa kumepungua, na hiyo kwenye sherehe ya usiku kucha si haba. Gauni lako ni shauri lako, wala sitakuambia ufunike wala ufunue. Nimewaona waliovaa wazi kovu likaonekana na shangazi zao wakalia kwa furaha, maana walikumbuka walivyokaa nje ya chumba cha upasuaji. Nimewaona pia waliotaka tu kucheza bila kuulizwa maswali na kila mgeni. Ukiamua kufunika, una kitambaa na una mkono: ongeza kipande cha lesi nyepesi mpaka shingoni, ila ndani weka bitana ya pamba laini, mishono ikae pembeni isipite juu ya kovu, na usitie shanga kifuani. Ukiamua kuacha wazi, lipake mafuta ya kuzuia jua kama kuna shughuli za mchana.

Andika tena baada ya sindano ya pili unieleze. Na ile tepe, mwanangu, gonga msumari pembeni ya cherehani uitundike hapo kuanzia leo.